Hamali Chini ya Hadubini

Mlangoni mwa chumba cha hadubini, ghorofa ya pili ya taasisi moja ya utafiti mjini Riyadh, pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: hakuna manukato, hakuna udi, hakuna mafuta ya nywele. Aliyeiandika ni Wafaa binti Hamdan, na ole wake anayejitia hakuiona. Dakta Marwan mwenyewe, mkuu wa maabara, aliwahi kurudishwa mlangoni siku ya pili ya Idi kwa kuwa shati lake lilikuwa linanukia. Alikwenda kubadilisha huku anacheka. Wafaa hakucheka.

Asidhani mtu ni ukali wa bure. Ndani ya chumba kile wanachunguza protini moja moja, zile mashine ndogo zilizomo ndani ya kila chembe ya mwili. Protini yao wao kazi yake ni kubeba. Inakamata kifurushi, inatembea nacho juu ya uzi mwembamba, hatua baada ya hatua, kama mwenye miguu miwili. Kuvuka upana wa unywele mmoja inabidi ipige hatua kama elfu kumi. Kwa hiyo huitia rangi inayong'aa, wakaiweka juu ya kipande cha kioo, wakaimulika kwa leza kutoka chini, na kamera ikanasa kidoa cha mwanga kikitembea gizani. Kidoa kimoja ni protini moja. Sasa vumbi la moshi likitua juu ya kioo na likang'aa, nalo ni kidoa, na mtafiti asiye mwangalifu ataliandikia makala kurasa ishirini.

Vioo ndiyo kazi ya Wafaa. Miaka kumi na miwili amevilowesha kwenye asidi, akavisuuza mara kumi, akavikausha kwa hewa ya mtungi, akavipaka utando wa kuzuia protini zisigande ovyo. Na jicho analo. Protini ya kweli, rangi yake ikichoka, huzimika mara moja, pu! Uchafu hufifia polepole. Wafaa hutazama filamu sekunde tano tu akasema, "Hiki sicho," na mpaka leo hajakosea.

Tena jina la protini ile ametoa yeye. Baba yake, marehemu Mzee Hamdan, alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa kijana, akaishia Balad, Jeddah, kubeba marobota ya vitambaa mgongoni kwenye vichochoro vya maduka kwa miaka thelathini. Siku ya kwanza Wafaa alipoona kidoa kile kwenye kompyuta, kinakwenda, kinasita, kinakwenda tena, yalimponyoka maneno mbele ya watu: "Hamali huyu. Baba yangu mtupu." Tangu hapo maabara nzima inaiita hamali.

Halafu akaja Nusra.

Nusra ni mtoto wa mamdogo wake. Wamekulia nyumba moja Al-Nuzha, Jeddah, na Wafaa, aliyemzidi miaka tisa, ndiye aliyembeba, aliyemsuka, aliyemfundisha hesabu za mafungu mpaka mtoto akazipenda. Ila baba yake Nusra alikuwa na uraia, na Mzee Hamdan aliishi na ikama, kibali cha ukaazi cha wageni, akafa na ikama. Basi ulipofika wakati wa kupelekwa kusoma nje, Nusra alipanda ndege ya Ujerumani, na Wafaa akabaki na shahada yake moja ya kemia, akimtafuta kafili wa kumdhamini. Nusra alikaa huko miaka saba. Mama yake alifariki yeye yuko hukohuko na maziko hakuyawahi. Alirudi daktari wa sayansi, akaajiriwa maabara ileile, akapewa meza ya dirishani.

Wafaa alimwonea wivu. Neno lenyewe ndilo hilo, hakuna haja ya kulizungukazunguka. Alimwonea wivu kwa meza, kwa Kijerumani chake, kwa namna Dakta Marwan alivyokuwa akimwuliza, "Unaonaje, Dakta?" Alimwonea wivu hata kwa kucheka kwake, maana lilikuwa cheko la nyumbani kwao, na hapo kazini likawa linawachekea wengine. Kila mwisho wa mwezi Wafaa huenda Jeddah kumwona mama yake. Miezi minane tangu Nusra aanze kazi hakumwambia, hata kwa bahati mbaya, "Twende wote." Mama akiuliza, Wafaa humjibu, "Nusra hana nafasi, Mama. Ana kazi nyingi."

Yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuja mwezi huo wa nane. Nusra aligundua kwamba hamali hapumziki ovyo, bali husimama mahali maalumu kwenye uzi, akavuta pumzi kama kawaida ya wabebaji, ndipo akaendelea. Mkutano mkubwa ulikuwa unakuja Jeddah na Nusra ndiye angeueleza ugunduzi huo. Mada yake aliibandika ukutani: Hamali Anapopumzika. Wafaa aliisoma amesimama na trei ya vioo mkononi. Hamali wake. Baba yake. Na chini yake jina la Nusra, peke yake.

"Baada ya mkutano," Dakta Marwan akawaambia wiki hiyohiyo, "nitamtaja msimamizi wa chumba cha hadubini."

Cheo hicho Wafaa amekiomba mara tatu. Funguo za chumba, ratiba, neno la mwisho juu ya nani anaingia na nani anatoka: kwa vitendo ni vyake tayari, kilichobaki ni jina. Na hakuna aliyekuwa hajui jina litakalotajwa.

Ussi, mumewe, ana duka la vipuri vya magari Suwaidi, na ni mtu wa masihara. Jioni moja alimtazama mkewe anakula bila kusema akamwuliza, "Leo hujanitajia Nusra tangu ulipoingia. Unaumwa?"

"Niache, Ussi."

"Haya. Nshakuacha."

Siku ya pili yake ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta. Alikuwa anahamisha filamu za Nusra kwenda kwenye hifadhi kubwa, kazi yake ya kila wiki, akafungua moja ili atazame tu. Nusra alikuwa amezungushia duara kila hamali aliyesimama. Wafaa akatazama sekunde tano. Duara la kwanza, kidoa kikazimika pu. Sawa. La pili likafifia polepole. La tatu polepole. La tano, la sita. Akafungua filamu ya mwezi wa nyuma yake, na ya mwezi wa nyuma zaidi. Kote kulikuwa na uchafu katikati ya mahamali, umekaa kimya, nao umehesabiwa kuwa umepumzika.

Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Alitoka mpaka kwenye vigingi vya nje ambako wanawake hutundika mabuibui yao, akashika la Nusra, akainama kulinusa. Udi. Wazi kabisa. Daktari mzima wa Ujerumani anafukiza nguo, anapita mbele ya karatasi ya mlangoni, anawachafulia watu vioo! Kazi yake pale ilikuwa kwenda moja kwa moja kwa Dakta Marwan. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Lakini Wafaa alilirudisha buibui kwenye kigingi, akavuta mlango, na kwa wiki mbili hakufungua kinywa.

Alishapanga. Ukumbini Jeddah watakuwepo wataalamu wa Japani na Ujerumani, na mmoja wao hatakosa kuuliza: vidoa vyako vinazimikaje? Wasipouliza, atauliza yeye, kutoka viti vya nyuma, kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza. Alilifanyia mazoezi hata swali lenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Anachotaka ni Nusra aanguke mbele ya watu, na baada ya hapo funguo zitajua zinakwenda wapi.

Aliwasili Jeddah Alhamisi. Mkutano ulikuwa Jumapili saa nne asubuhi, na baada yake angepitiliza kurudi Riyadh. Kama kawaida alikuja na koti lake jeupe la maabara, maana mama yake, Bi Wahida, haziamini mashine za kufulia za watu. Koti hilo hulifua kwa mikono, akalipiga pasi, na Wafaa siku zote hulikuta limekunjwa ndani ya mkoba, hana habari lilipitia wapi. Nyumba yenyewe inanukia udi kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni. Aliyekulia ndani yake hasikii tena kitu.

Jumapili ile Wafaa aliamka mapema kuliko kawaida, roho juu. Alipotokeza ukumbini alimkuta mama yake amechuchumaa mbele ya chetezo. Juu ya chetezo kuna kile kitenga cha fito anachotandazia nguo, na juu ya kitenga, mikono yake miwili imefunguliwa vizuri moshi upate kuingia, kuna koti jeupe.

Wafaa akasimama palepale.

"Mama. Hilo koti langu linafanya nini hapo?"

"Linafukizwa. Kwani huoni?"

"Tangu lini unalifukiza?"

"Tangu aliporudi Nusra." Bi Wahida aliligeuza koti upande wa pili, makini, asiliunguze. "Zamani nikilifua tu. Halafu nikasikia mtoto wa ndugu yangu karudi daktari na mko chumba kimoja. Nikasema hapana, haiwi. Wagonjwa waje, huyu ananukia, huyu wangu ananuka sabuni ya mche? Wewe si daktari pungufu."

Hapo inabidi tumseme Wafaa, maana mwenyewe hajawahi kujisema. Miaka ya nyuma alimwambia mama yake kwamba anafanya kazi na madaktari. Mama akalipokea, akalipunguza kidogo, akawaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari, anatibu mahamali. Wafaa aliyasikia akanyamaza. Aliyapenda. Na Nusra aliporudi na udaktari wa kweli, aliyapenda zaidi.

"Si nilikwambia nguo zangu za kazini usizifukize?"

"Uliniambia mabuibui. Koti hukunitajia." Bi Wahida akainua uso. "Nini? Wagonjwa wamelalamika?"

Wafaa alilitumbulia koti macho. Alikuwa anaona mikono ile ya koti, miaka kumi na miwili ya mazoea, ikipita juu ya trei za vioo vilivyooshwa, mara moja, mara mbili, mara mia. Alikuwa anajiona ameinama kulinusa buibui la Nusra, na amevaa nini? Amevaa koti hilihili lenye udi. Vioo ni vyake. Moshi ni wa kwao. Swali atakalouliza leo kwa upole kutoka viti vya nyuma litamrudia mwenyewe kabla watu hawajatoka ukumbini.

Alipanda teksi bila kunywa chai. Tusimpambe, si huruma iliyomkimbiza. Ilikuwa hofu. Nusra akianguka sasa, wataanguka wote wawili, na Nusra atabaki na udaktari wake.

Alimkuta kwenye korido ya hoteli, amekaa peke yake na kompyuta mapajani, anapitia picha zake.

"Nusra, filamu zako zina uchafu."

"Najua, Dada Wafaa."

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Wafaa akaketi kando yake.

"Unajua?"

"Vidoa vinavyofifia polepole. Niliviona tangu mwezi wangu wa pili. Nikavitia duara navyo nivihesabu, nikapanga tarehe. Vinakuja kila wiki ya kwanza ya mwezi, ukishatoka Jeddah."

"Na hukuniambia! Hukumwambia Dakta Marwan!"

Nusra alifunga kompyuta. "Siku moja ulipita nyuma yangu na koti limetoka nyumbani, nikasikia harufu. Udi wa Mamkubwa. Uleule waliokuwa wakiuchanganya yeye na mama. Nilikwenda msalani nikalia mpaka nikaosha uso mara mbili. Nikajua nikikwambia, utamkataza, na mie sitausikia tena. Kwetu hakuna mtu. Nina nyumba Riyadh inanuka rangi ya ukuta." Akaivuta kompyuta kifuani. "Nilikuwa nakuonea wivu, Dada. Mtu mzima una mtu wa kukufukizia koti."

Wafaa alishikwa na raha. Hakuitarajia, wala hakuweza kuizuia. Miezi minane amemezea mate kila alichonacho Nusra, kumbe na Nusra alikuwa amekaa pale dirishani, anamezea mate koti. Raha ile ilidumu kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja. Nyuma yake ikaja haya, akatazama chini.

"Sasa utaonyesha nini leo? Nusu ya vidoa vyako si kitu."

"Si hivyo. Nimerudia kazi yote. Niliosha vioo mwenyewe, Ijumaa nne, watu hawapo." Nusra akafungua kompyuta tena na kumsogezea. "Nilifuata karatasi yako ya maelekezo. Tazama."

Wafaa alitazama. Uwanja wa picha ulikuwa mweusi. Mahamali walikwenda, wakasita, wakasimama mahali maalumu, wakaendelea. Mmoja akazimika, pu. Mwingine, pu. Alitafuta kidoa kimoja tu cha uchafu, alikitafuta kwa roho yake yote, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka mchangani. Hakukiona. Vilikuwa vioo safi kuliko alivyowahi kuosha yeye.

"Vizuri," akasema, na neno hilo lilimgharimu.

Nusra alizungumza dakika ishirini. Mjapani mmoja mwenye mvi aliuliza kuhusu vidoa na jinsi vinavyozimika, Nusra akamjibu kwa filamu, na Mjapani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu ikaja picha ya mwisho. Ilikuwa na mistari miwili tu. Jina la hamali limetolewa na Wafaa binti Hamdan, kwa kumbukumbu ya baba yake, hamali wa Balad. Vioo: Wafaa binti Hamdan.

Watu wakapiga makofi. Dakta Marwan, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka akamtafuta kwa macho na kusema kwa sauti, "Hakuna anayeosha vioo kama huyu!" Watu wa viti vya karibu wakampa mkono. Mwanamke mmoja wa Kijerumani alimwuliza siri yake ni nini. Wafaa alifungua mdomo aseme ukweli, akaukuta umejaa asante. Akasema, "Kusuuza mara kumi." Baada ya hapo, wakati watu wanakunywa kahawa, Dakta Marwan alimtaja Nusra kuwa msimamizi wa chumba cha hadubini, na Wafaa naye akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, viganja vikamuuma.

Nusra alikuja kumuaga. "Msalimie Mamkubwa."

Wafaa alimtazama. Ndege yake ilikuwa ya magharibi, wakati upo. Miezi minane wakati ulikuwepo.

"Kamsalimie mwenyewe," akasema. "Twende."

Bi Wahida alifungua mlango. Alimkamata Nusra, akamnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga, akaanza kumkemea huku analia. Kazi gani hizo zisizokuwa na Ijumaa! Na buibui hili kavu, linanuka ndege na mahoteli, ndiyo nini? Alimvua palepale mlangoni.

"Mama," Wafaa akasema, "kabla hujaanza. Mie si daktari. Nusra ndiye daktari. Mie naosha vioo. Hakuna wagonjwa, na hao mahamali si watu. Na vioo vya leo, walivyonipigia makofi, kaviosha yeye."

Alisema yote kwa pumzi moja. Nusra aligeuka kumtazama. Bi Wahida alikuwa anapanga makaa.

"Na koti?" akauliza.

"Koti lisitiwe udi tena. Linaharibu kazi."

"Haya." Bi Wahida aliliondoa koti kwenye kitenga, akampa mwenyewe. Mahali pake akatandaza buibui la Nusra, akalinyoosha mabega. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kikebe cha bati ambacho Wafaa alikuwa akikiona juu ya kabati tangu utotoni na hajawahi kukiona kikifunguliwa. Ulikuwa udi waliouchanganya mara ya mwisho yeye na mdogo wake, mama yake Nusra, wote wawili wakiwa hai. Alichagua vipande vitatu vikubwa, akaviweka juu ya makaa. Nusra aliketi chini karibu na chetezo, akafumba macho.

Wafaa alichukua koti lake akaingia nalo bafuni, akafungua maji. Moshi ulimfuata, ukapita chini ya mlango. Haukuwa wake. Akausikia wote, mpaka mwisho, akaona wivu upya kama vile hajawahi kuuona maishani. Akapaka sabuni ya mche kwenye mikono ya koti, akasugua, akasuuza. Alisuuza mara kumi.